Kilichomtuma Mchongaji: Wamakonde, Mpingo na Soko la Dar es Salaam

Ukiuliza ni nini kilichowatuma wachongaji wa Kimakonde wa Dar es Salaam kuanza kuchonga mashetani mwishoni mwa miaka ya 1950, utapewa majibu mawili kabla hujamaliza swali. La kwanza ni fedha: walikuwa wahamiaji maskini, Mhindi na Mzungu walikuwa na hela, vinyago vikatoka. La pili ni mizimu: kuchonga kumo katika damu ya Mmakonde, na pepo aliyemo ndani ya gogo humwita atolewe. Majibu haya yanaonekana kupingana, lakini yanafanya kazi moja, nayo ni kumwondoa mchongaji mwenyewe. Katika la kwanza soko ndilo linalochonga, katika la pili ni kabila au pepo, na mtu aliyeshika tezo amegeuzwa kuwa mkono tu. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba historia ya uchongaji huu, tangu nyanda za juu za Mueda kaskazini mwa Msumbiji hadi maduka ya Dar es Salaam, ina ushahidi wa kutosha wa kumrudisha mtu huyo. Sababu iliyomfanya aanze kazi haitupi nia yake. Tuitafute pale alipofanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza, au alipozidisha juu ya alichoagizwa.

Mpingo, mti wa vinyago hivi, si mti wa kuchezea. Huchukua miongo mingi kabla shina lake halijafaa kwa kazi, ubao wake huzama majini kwa uzito, na ugumu wake ndio uliowafanya mafundi wa Ulaya wautumie kutengenezea klarineti. Chini ya gamba kuna tabaka jembamba lenye weupe wa manjano, na ndani yake kiini kinachokaribia kuwa cheusi kabisa. Shina mara chache hunyooka. Limejaa mikunjo, mashimo na nyufa ambazo hazionekani mpaka chuma kimefika. Mchongaji huketi chini, hulibana gogo kwa miguu, huanza kwa tezo kubomoa vipande vikubwa, kisha huja patasi, tupa, msasa, na mwisho rangi ya viatu ya kung'arishia. Anayefinyanga udongo akikosea huurudisha, na mchoraji hupaka rangi nyingine juu, lakini tezo ikishapita imepita. Kwa hiyo kila kinyago cha mpingo ni mfululizo wa maamuzi yasiyofutika, na mengi hufanywa katikati ya kazi, ufa unapojitokeza mahali ulipopangwa mkono, au gogo linapopinda pale ambapo mgongo ulitakiwa kusimama. Hapo mteja hayupo. Fundi ana njia mbili: atupe gogo alilolitolea jasho, au alifanye liwe kitu kingine. Anayetaka kujua nia ya mchongaji asiruke jambo hili, kwa sababu lugha ya maagizo, ya kwamba fulani aliagiza na fulani akachonga, inafaa zaidi kwa mtu anayekata mbao za milango.

Kabla ya soko la vinyago, Wamakonde walichonga vitu vingi: ndonya za kuvalia kwenye mdomo wa juu, vizibo vya vyombo vya dawa na tumbaku, fimbo, na zaidi ya yote vinyago vya ngoma ya mapiko. Hivi vya mapiko havikutengenezwa kwa mpingo, maana huvaliwa kichwani kama kofia na vilihitaji mti mwepesi. Nywele za kweli ziliweza kubandikwa, na chale za uso zikachorwa kwa nta. Vilihusu jando, vikatunzwa kwa siri, na wanawake na watoto hawakupaswa kujua kwamba aliyekuwa akicheza ndani yake alikuwa mtu wa kijiji chao. Mjerumani Karl Weule alipozuru kusini mwa koloni la Wajerumani mwaka 1906 alikusanya vinyago na kuandika hekaya ambayo bado inasimuliwa: mtu wa kwanza, akiwa peke yake porini, alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na kesho yake ikawa mwanamke, mama wa Wamakonde. Hekaya hii imetumiwa mno kuthibitisha jibu la damu. Lakini yenyewe inasimulia mtu mpweke aliyechonga kwa kuwa alikosa mwenzake, yaani inampa mchongaji wa kwanza sababu ya kibinafsi kabisa, na wanaoinukuu huipita sehemu hiyo kimyakimya.

Tena isidhaniwe kwamba mapiko yalikuwa sanaa safi ambayo soko lilikuja baadaye kuichafua. Mchongaji wa mapiko alikuwa na wateja wake, nao walikuwa wachezaji na vikundi vya ngoma, na vikundi hivyo vilishindana vikali. Mtafiti Paolo Israel, aliyeandika historia ya ngoma hiyo nchini Msumbiji, ameonyesha jinsi ushindani wa vijiji ulivyokuwa ukizaa mitindo mipya kizazi baada ya kizazi. Wakati wa ukoloni walitokea mapiko wenye sura za Wareno, za Wahindi na za majirani wa Kimakua, na watazamaji walizifahamu wakacheka. Hakuna mila iliyomlazimisha mtu kuchonga pua ya afisa wa Kireno. Mila ilimpa fundi jukwaa, mshindani wa kijiji cha pili akampa hasira ya kushinda, na pua akaichagua yeye. Kwa hiyo anayesema kwamba zamani Mmakonde alichonga kwa imani na baadaye akachonga kwa fedha anatenganisha mambo ambayo hayakuwahi kutengana. Malipo, sifa, dhihaka na ibada vilikuwa katika kazi moja hata kabla ya duka la kwanza kufunguliwa.

Soko lilipokuja, lilikuja kwa njia mbili. Kule Msumbiji, Wareno walipokwisha kuitawala Mueda, wakuu wao na wamisionari wa Kikatoliki walianza kuagiza sanamu, misalaba na Bikira Maria wa mpingo. Utawala huo huo uliwatesa watu kwa kazi za shokoa na kilimo cha lazima cha pamba, na maelfu wakavuka mto Ruvuma kuja Tanganyika kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge. Wengine waliishia Dar es Salaam. Huko alikuwepo mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, Mohamed Peera, ambaye tangu miaka ya 1950 alinunua kazi zao, akawapatia magogo ya mpingo, akazungumza nao juu ya kilichouzika na kisichouzika. Jina lake haliepukiki katika habari hii. Bila Peera na wenzake wachache pengine tusingekuwa na mtindo wa kuuzungumzia, na mchongaji aliyekata mkonge mchana asingepata gogo zuri la kuchonga jioni.

Hapa ndipo anapoingia mchongaji Samaki Likankoa. Masimulizi juu ya shetani wake wa kwanza yanatofautiana. Yapo yanayosema aliota, na yapo yanayosema alikuwa amemchongea Peera sanamu ya kawaida ya mtu, ikavunjika kiungo, naye badala ya kuitupa akaendelea kuivuruga hadi ikawa kiumbe wa ajabu anayefanana na Nandenga, pepo wa porini anayetajwa katika hadithi za Wamakonde. Yanapokutana ni kwamba alimpelekea Peera kitu ambacho Peera hakukiagiza, Peera akakinunua na kutaka vingine. Ndani ya miaka michache mtindo wa shetani ulikuwa umezagaa: miili iliyopinda, jicho moja mahali pa mawili, titi linalogeuka kuwa mkono, mdomo unaomeza mguu. Sihitaji kuamua kama palikuwa na ndoto au mvunjiko. Tukichukua ndoto, nia ilitoka kwa mtu aliyelala. Tukichukua mvunjiko, tunarudi kwenye zile njia mbili za fundi mbele ya gogo lililoharibika. Njia nyepesi ilikuwa kuchonga sanamu nyingine ya kawaida, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa na mnunuzi wa hakika. Samaki alihatarisha ujira wake kwa ajili ya umbo ambalo hakuwa na sababu ya kuamini kwamba lingenunuliwa.

Sidney Kasfir, mtaalamu wa historia ya sanaa wa Marekani, alitoa mwaka 1980 makala iliyolikabili jambo hili bila kupepesa macho. Alieleza jinsi ufadhili wa wafanyabiashara na ladha ya wageni ulivyoijenga sanaa ya kisasa ya Wamakonde, na akawakatalia wale waliotaka kuiona kama chemchemi ya kale iliyobubujika ghafla. Nadhani alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, na waliomjibu kwa kutaja mizimu walimjibu vibaya. Ni kweli kwamba shetani wa mpingo hakuwa na mfano wa moja kwa moja katika kazi za zamani, na ni kweli kwamba angebaki mmoja kama Peera angetikisa kichwa. Lakini hoja ya ufadhili inaeleza kwa nini mtindo ulienea, haielezi ulikotoka. Mnunuzi anaweza kuchagua tu kati ya vitu vilivyokwisha kuwekwa mbele yake. Zaidi ya hapo, kama nia ingekuwa fedha peke yake, tungetarajia jambo linaloonekana katika masoko mengi ya vinyago: umbo likishauzika, linarudiwa lilivyo. Wakamba wa Kenya wana historia ya namna hiyo. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu aliutoa ufundi wa vinyago vya kuuza huko Tanganyika alikopelekwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na biashara iliyokua baada yake iliegemea sana wingi na kufanana: twiga, swala, vijiko vya kuchanganyia saladi. Silidharau hilo, limesomesha watoto wengi. Ila wachongaji wa shetani wa miaka ya 1960, kwenye soko lenye watalii walewale, walifanya kinyume. Kila mmoja alitafuta shetani ambaye mwenzake hajamchonga. Kulikuwa na njia rahisi zaidi ya kujaza mfuko.

Upande wa pili wapo wanaosema wachongaji waliwachonga mashetani kwa sababu waliwaamini, basi. Hoja hii inapendwa na wauzaji, kwa kuwa kinyago chenye pepo bei yake ni nzuri. Zachary Kingdon, aliyefanya utafiti miongoni mwa wachongaji wenyewe nchini Tanzania na kitabu chake kikatoka mwaka 2002, aliwasikiliza kwa makini kuliko wengi, na moja ya faida za kazi yake ni kuonyesha kwamba imani na ubunifu havikuwa kitu kimoja. Mtu anaweza kusadiki kuwa mapepo wapo porini na bado akajua wazi kwamba huyu aliye mkononi mwake, mwenye masikio kama majani ya mgomba, amemtunga yeye leo asubuhi. Na tusisahau kicheko. Mashetani wengi wa miaka hiyo ni vichekesho: wanajikuna, wanajamiiana, wanakunya, wanavutana nywele. Anayeogopa pepo hamchongi akiwa na tumbo la kuendesha. Kicheko hicho kinawaunganisha na mapiko wenye pua za Wareno kuliko na ibada yoyote, na kinamtambulisha mtu anayechonga ili wenzake waliokaa chini ya mwembe uleule wageuke watazame.

Mfano wa Roberto Yakobo Sangwani unafundisha kitu kingine, yaani namna nia ya mtu inavyoweza kufunikwa na nia ya wanaomtazama. Yeye ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa watu waliopandana, mnara wa miili ndani ya gogo moja, huyu kasimama begani mwa yule. Sanamu za mwanzo zilimwonyesha mshindi wa mieleka akibebwa juu na wenzake, na mtindo ukaitwa dimoongo. Kisha likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, tamko la chama tawala juu ya siasa ya ujamaa. Taifa lilikuwa linatafuta picha ya siasa yake, na hapa palikuwa na gogo zima la watu wanaobebana. Jina la ujamaa likashika, na hadi leo mgeni akinunua mnara huo huambiwa kwamba ni familia, ni ukoo, ni mshikamano wa Kiafrika. Wachongaji wengi waliofuata walichonga kweli ukoo na mshikamano, wakaweka mama mkubwa chini na watoto juu, kwa hiyo siwezi kusema jina hilo ni uongo. Lakini palipoanzia palikuwa na mtu mmoja aliyeshinda, na fahari ya kushinda si fahari ya kushirikiana. Ukisoma nia ya Sangwani kwa kupitia azimio lililotangazwa miaka kadhaa baada ya kazi yake, utakuwa unasoma nia ya chama. Kosa hili linafanyika kila siku katika vitabu vya sanaa ya Afrika, na wanaolifanya kwa kawaida wana nia njema.

Kosa hilo linatokana na imani pana zaidi, kwamba katika jamii za Kiafrika hapana msanii mmoja wala nia ya mmoja, sanaa ni ya wote. Ushahidi unaotolewa ni kwamba vinyago vya zamani havina majina. Havina, lakini tuulize nani hakuyaandika. Kwenye makumbusho ya Ulaya kadi ya kinyago mara nyingi hutaja kabila, mwaka na jina la aliyekikusanya. Kijijini aliyechonga alijulikana, ndiyo maana vikundi vya ngoma vilijua pa kumfuata. Kutokuwepo kwa jina kwenye kadi ni habari za mwandishi wa kadi. Na mara tu wanunuzi walipoanza kuuliza, majina yalikuja kwa wingi, kila mtindo na mtu wake, kila mtu na wafuasi wake, hata mabishano ya nani alianza nini. Watu wasio na hisia ya umiliki wa ubunifu hawabishani hivyo.

Siasa nayo ilikuwa nia, na hapa ushahidi ni mgumu kuutenganisha. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda. Mwaka 1962 FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam, na vita vikaanza Septemba 1964 katika Cabo Delgado, mkoa uleule wa Mueda, Wamakonde wakiwa miongoni mwa wapiganaji wa mwanzo. Katika maeneo yaliyokombolewa wachongaji waliwekwa katika ushirika, na vinyago vyao vikauzwa kusaidia harakati. Wengine walichonga mateso yenyewe: watu waliofungwa kamba, mabega yaliyobeba mizigo. Je, mchongaji wa ushirika wa vita alichonga kwa nia yake au kwa amri? Naona jibu linabadilika kutoka kinyago hadi kinyago, na sioni haya kuliacha hivyo, maana hata mtu mmoja aliyempoteza ndugu Mueda angeweza kuchonga kimoja kwa uchungu na cha pili kwa zamu.

Mtu anaweza kunipinga kwa msingi kwamba nia imo moyoni na gogo halina mdomo, hivyo ninachokiita ushahidi ni kubahatisha, na afadhali tumwulize msanii mwenyewe. Kumwuliza ni vizuri, ila jibu hutegemea anayeuliza. Mtalii akimwuliza mchongaji kwa nini anachonga, ataambiwa habari za mababu, kwa sababu ndizo alizokuja kuzinunua. Afisa wa utamaduni ataambiwa habari za taifa. Mwenzake wa kijiweni ataambiwa bei ya mpingo imepanda. Majibu yote matatu yanaweza kuwa ya kweli, na hakuna hata moja linaloeleza kwa nini shetani huyu ana jicho gotini. Swali la jumla huvuta jibu la jumla. Swali lenye faida ni la mahali: hapa gogo lilikuwa linapinda, kwa nini ulilifuata? Hapa uliagizwa watu saba, huyu wa nane aliyejificha chini ametoka wapi? Wachongaji wakiulizwa hivyo huwa na maneno mengi, na maneno yao yanaweza kupimwa kwa kukitazama kinyago. Tunamhukumu mtu kwa nia yake mahakamani kila siku kwa kutazama alichofanya ambacho hakulazimika kukifanya, na sijasikia mtu akidai kwamba huko ni kubahatisha.

Kisa cha George Lilanga kinauweka mtihani huu wa kutafuta nia mahali pagumu zaidi. Alizaliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1934, alijifunza uchongaji wa Kimakonde, na alipofika Dar es Salaam alipata kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972. Hapo alionyesha vinyago vyake, akapewa nafasi, na baadaye akahamishia mashetani wake kwenye karatasi, mbao na turubai, kwa rangi kali zinazogombana. Wale viumbe wa mpingo wakawa na masikio makubwa na matumbo yaliyovimba, wakaingia mtaani wakifanya shughuli za watu wa kawaida, wakapelekwa kwenye maonyesho ya Ulaya, Marekani na Japani. Soko lilimpenda, naye alilihudumia bila aibu. Kisukari kilimfikisha kwenye kukatwa miguu, na katika miaka yake ya mwisho kabla ya kufa mwaka 2005 vijana waliokuwa naye walifanya sehemu kubwa ya kazi, yeye akichora mistari na wao wakijaza rangi. Wapo wanaoichukua karakana hiyo kuwa uthibitisho kwamba mwishowe ilikuwa biashara tu. Mimi naiona kuwa mgawanyo unaotusaidia kuitafuta nia yake. Rangi, ukubwa na idadi ya picha vilifuata mahitaji ya wanunuzi na mikono ya wasaidizi. Mstari aliuweka yeye, akiwa hawezi kusimama, na katika mstari huo ndimo anapoamuliwa shetani yupi amkanyage mwenzake na yupi apite akicheka.